Bao, Kompyuta na Neno "Mchezo": Kijana wa Tunduma Chuoni

Neno mchezo katika Kiswahili limebebeshwa mzigo mzito. Mpira ni mchezo, drafti ni mchezo, na tamthilia ikipelekwa jukwaani huitwa mchezo wa kuigiza. Ngoma nayo huchezwa. Hata hivyo, anayeambiwa "acha mchezo" huwa amekwisha kuhukumiwa kwamba hana makini. Maana hizi zote zilimwangukia siku moja kijana wa Tunduma alipomweleza mama yake kwamba, pamoja na sayansi ya kompyuta aliyokwenda kuisomea chuo kikuu, alikusudia kujifunza ubunifu wa michezo. Mama huyo alikuwa ameuza kahawa ya shamba lao la Mbozi ili kujaziliza pale mkopo wa Bodi ulipopungua. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza: "Mwanangu, kahawa yangu imekwenda kucheza?"

Swali hilo halikuwa la dhihaka. Lilihitaji jibu, na kijana hakuwa nalo.

Tunduma, mji wa mpakani ulio katika Mkoa wa Songwe tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ni mji wa kungoja. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam na reli ya TAZARA hupitia hapo kuingia Zambia, na malori mengi huendelea hadi Kongo. Kabla ya kituo cha pamoja cha forodha kuzinduliwa mwaka 2019, dereva aliweza kukaa kwenye foleni siku kadhaa akisubiri hati zake. Mtu anayengoja hutafuta la kufanya. Chini ya miti na vibandani palichezwa drafti kwa visoda, na palipokuwa na wazee au madereva wa pwani palichezwa bao. Kijana alijifunzia hapo. Alianza na bao la kujifunza, ambalo kila shimo huwekwa kete mbili, akahamia bao la Kiswahili, ambalo kila mchezaji huanza na kete sita katika nyumba, mbili mbili katika mashimo mawili jirani, na ishirini na mbili mkononi. Hakufundishwa kwa maelezo. Alitazama, akakosea, akachekwa, akatazama tena.

Chuoni alikuta hisabati, miundo ya data, hifadhidata na mitandao. Ubunifu wa michezo haukuwamo. Kwingineko duniani somo hilo lilikwisha kupata kiti chake: Chuo Kikuu cha Abertay, mjini Dundee, Scotland, kilianzisha shahada ya michezo ya kompyuta mwaka 1997. Tanzania ilikuwa na historia nyingine. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na hata marufuku hayo yalipokwisha, taaluma ilianza kujengwa kwa kile kilichohitajika kwanza, yaani mishahara, benki na takwimu. Si ajabu basi kwamba michezo haikukumbukwa. Kijana alisoma mchana alichopangiwa, na usiku, kwa kompyuta ya kuazima, akajifundisha alichokitaka.

Alipopeleka pendekezo la mradi wake wa mwaka wa mwisho, msimamizi alilirudisha akisema kwamba mchezo si utafiti. Kauli hiyo inastahili kupimwa, kwani sayansi ya kompyuta imelelewa na michezo. Claude Shannon aliandika mwaka 1950 jinsi mashine inavyoweza kucheza sataranji. Arthur Samuel wa IBM alichapisha mwaka 1959 kazi yake juu ya programu ya drafti iliyojifunza kutokana na uzoefu wake yenyewe. Ni drafti ile ile ya visoda, kwa kanuni tofauti kidogo. Mwaka 1997 Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov. Kijana hakubishana. Aliondoa neno mchezo katika kichwa cha pendekezo, akaweka maneno marefu kuhusu utafutaji katika miti ya maamuzi, na pendekezo likapita bila kubadilishwa jambo jingine lolote. Hapa tatizo lilikuwa la lugha kabla halijawa la taaluma.

Mradi wenyewe ulikuwa kuifundisha kompyuta kucheza bao la Kiswahili. Alidhani njia ilikwisha kufunguliwa. Mwaka 2002 John Romein na Henri Bal, wa Amsterdam, walitatua Awari, mmoja wa michezo ya mashimo ya Afrika Magharibi, kwa kukokotoa matokeo ya mikao 889,063,398,406. Wakakuta kwamba wachezaji wawili wasiokosea hutoka sare. Lakini katika Awari mbegu zilizoliwa hutolewa ubaoni. Mtafiti anaweza kuanza na mikao yenye mbegu chache, akapanda ngazi hadi 48 za mwanzo. Bao halina ngazi hiyo. Kete zinazoliwa hupandwa upya upande wa mlaji, na namua ikiisha zote 64 zimo ubaoni na hubaki humo hadi mwisho. Hakuna anayetoka. Anayeshindwa ni yule ambaye safu yake ya mbele imebaki tupu au asiye na hatua ya kucheza, ijapokuwa pengine bado ana kete nyuma. Jambo hili, ambalo kila mchezaji wa Tunduma hulijua kwa vidole, kijana alilitambua kwa akili baada ya miezi miwili ya kazi iliyopotea.

Pigo la pili lilikuja usiku. Programu ilikuwa ikicheza dhidi ya nafsi yake, na skrini ikaganda. Alitafuta kosa hadi alfajiri asilione, kwa sababu halikuwapo. Kete zilikuwa zikipandwa, zikichukuliwa na kupandwa tena, bila kuangukia shimo tupu. Kwa lugha ya wachezaji, mwendo ulikataa kulala. Katika darasa la nadharia alikuwa amesoma kwamba Alan Turing alithibitisha mwaka 1936 kuwa hakuna njia moja ya jumla ya kujua iwapo mashine yoyote itasimama au haitasimama. Bao ni jepesi kuliko hilo. Mikao yake ina kikomo. Ikiwa mkao ule ule utarudi mkono ukiwa katika shimo lile lile na ukielekea upande ule ule, mwendo hautalala kamwe. Alisahihisha programu kwa mistari michache, ikawa inautambua mzunguko.

Baada ya kuutambua, ifanye nini? Je, hatua hiyo ikatazwe tangu mwanzo? Aliyeicheza apoteze zamu? Mchezo uwe sare? Kila jibu lilizaa mchezo mwingine, na kila mmoja ulikuwa sahihi mbele ya mashine. Hapa ndipo masomo mawili yaliyotenganishwa na ratiba ya chuo yalipokutana. Sayansi ya kompyuta iliweza kumwambia kwamba mwendo hauishi, lakini haikuweza kumwambia kipi ni haki kwa aliyeketi upande wa pili akisubiri zamu yake. Hilo ni swali la mbunifu wa michezo, naye hujibu kwa kuwatazama wachezaji.

Likizo ilipofika alikwenda kwa mzee mmoja ambaye vibandani huitwa fundi. Cheo hicho hakitolewi ovyo: Alexander de Voogt, aliyewachunguza mabingwa wa bao wa Zanzibar katika tasnifu yake ya Leiden ya mwaka 1995, alishughulika hasa na swali la nini humfanya mtu awe bingwa wa bao. Kijana alimwamkia mzee, akaupanga ubao katika mkao ule, akaeleza shida yake. Mzee alipanda, akachukua, akapanda, mara nyingi kuliko ilivyotarajiwa, kisha akaziacha kete.

"Bao lisilolala sijaliona," alisema. "Mkono huchoka. Mkono usipochoka, mwenzako ataondoka, na akiondoka hapana bao."

"Sasa babu, nani ameshinda?"

"Ameondoka, mjukuu wangu. Utamshindaje?"

Kijana aliandika jibu hilo katika daftari kama data. Kisha akaandika kanuni: mwendo usiolala haukatazwi, wala haumpi mtu ushindi, ukitambuliwa, kete hurudi zilipokuwa na mchezaji huchagua hatua nyingine. Kanuni hiyo inaweza kupingwa, na pengine ingefaa ipingwe. Lakini ina sababu inayoweza kuelezwa kwa mtu, jambo ambalo mistari mingine ya programu haikulihitaji.

Ripoti ilipasa kuandikwa kwa Kiingereza. Katika rasimu ya kwanza alitafsiri kila kitu, na maelezo yakapooza. Namua ikawa hatua ya kwanza, mtaji hatua ya pili. Nyumba ikawa shimo maalumu, na safari, yaani ule uamuzi wa mwenye nyumba kuivunja na kuendelea badala ya kulala hapo, ikawa chaguo la ziada. Alisoma rasimu yake akaona kwamba mchezo alioueleza haukuwa ule wa vibandani. Istilahi za bao hazikuundwa na kamati. Wachezaji waliziunda, na kila moja imebeba kanuni ndani yake pamoja na hisia ya kanuni hiyo. Katika rasimu ya pili alizirudisha zote, akazifafanua ukurasa wa mwanzo, akatumia maneno hayo hayo kuvitaja vipengele vya programu. Mtahini mmoja alimtaka atafute neno la Kiingereza la kulala. Alijibu kwamba alilitafuta, akapata la kusimama, la kukoma na la kumalizika, na kwamba kete iliyolala haijafanya lolote kati ya hayo. Mtahini aliandika kitu pembeni mwa karatasi, akaendelea na swali la kumbukumbu ya mashine.

Mama aliuona mradi baadaye, kwenye simu, duka likiwa halina wateja. Mwanawe alimwonyesha jinsi ya kugusa shimo. Alicheza kimya, akafika nyumbani mwake, na kompyuta ikamuuliza kama analala au anasafiri.

"Inasubiri?" aliuliza.

"Inakusubiri wewe, mama."

Alikaa kidole kikiwa hewani, akizihesabu kete kwa midomo.