Hesabu za Magunia Manane

Kwa miaka mingi nilifundisha hesabu za faida na hasara kwa mifano ya machungwa na mayai. Nilipostaafu nilitoa sehemu ya kiinua mgongo, nikakodi eka mbili za majaruba huko Kamsamba. Hapa Tunduma baridi haiupi mpunga nafasi. Shamba letu la nyumbani ni la mahindi na maharage. Lakini ukishuka bondeni, Mto Momba unakoelekea Ziwa Rukwa, unakuta joto na udongo mzito unaoshika maji.

Mwaka 2018 tulivuna magunia 34. Jioni nikafungua daftari. Kwa kuwa bei hubadilika kila wiki, niliamua kuhesabu kwa magunia badala ya shilingi. Kodi ya shamba, manne. Kulima na kusawazisha majaruba, matatu. Mbegu na mbolea, manne. Kupandikiza, matano. Palizi, manne. Kuvuna na kupura, manne. Usafiri, mawili. Jumla 26. Nikamwita mke wangu nimwonyeshe faida yetu: magunia manane.

Alitazama daftari kwa muda, akasema, "Mwalimu, ndege waliamiwa na nani?"

Asiyelima mpunga huenda asilielewe swali hilo. Punje zikianza kuingia maziwa, kweleakwelea huja kwa makundi kama wingu, na shamba likiachwa bila mtu tangu alfajiri hadi magharibi, hubaki majani. Kazi hiyo huchukua wiki tano hivi, na huangukia Aprili na Mei, shule zikiwa wazi. Waliokaa kwenye dungu wakipiga madebe ni mke wangu na wajukuu wetu wawili. Barua ya kuwaombea ruhusa shuleni niliiandika mimi, kwa mwandiko mzuri, nikasema wana safari ya kifamilia. Mimi, niliyewaita wazazi wangapi ofisini kwa kosa hilohilo!

Nikachukua kalamu tena. Mtu mzima wa kuamia ndege angelipwa magunia matatu. Siku za mke wangu za kuchota maji, kupika kambini na kupepeta, kwa ujira wa kibarua wa kawaida, zilifika manne. Yeye alicheka, akasema nimempunja. Likabaki gunia moja.

Hata hilo sikuliona. Mpunga usiokobolewa hutunzika vizuri, na aliyeweza kuuhifadhi mpaka Januari aliuza kwa bei nzuri zaidi. Sisi tulikuwa na deni la mbolea, na mdai alikuwa amekaa uwanjani tukipura. Tuliuza mavuno yakiwa tele kwa kila mtu, tena kwa lumbesa, gunia limeongezwa kipande juu na kushonwa kwa kamba. Sheria ya vipimo inataka mizani. Mnunuzi alikuwa na lori, sisi tulikuwa na mawingu juu ya vichwa vyetu.

Wajukuu walirudi darasani wakakuta wenzao wamemaliza sehemu. Niliwafundisha usiku kwa taa, na mdogo alisinzia mara nyingi.

Msimu uliofuata tulilima eka moja. Mstari wa kwanza niliouandika kwenye daftari jipya ulikuwa wa mwamia ndege: kijana mmoja, mtu mzima, gunia moja na nusu.