Maji ya Mvua Ndani ya Gari

Wengi wetu siku hizi tumeruzukiwa gari ndogo za kupelekea watoto shuleni na wagonjwa hospitali, na nyingi katika gari hizo zimetoka Japani zikiwa zimekwisha kutumika huko miaka mingi. Nami ni mmoja wa wenye gari hizo. Ninayotaka kuwahadithia ni khabari ya maji ya mvua yaliyoingia ndani ya gari yangu katika masika ya mwaka 2021 hapa Tanga, na jinsi nilivyoyatafuta, na jinsi nilivyomkosea mtoto wa watu kabla sijayatafuta. Mimi si fundi. Ni mwalimu wa chuo, na masomo yangu ya shule yalikoma darasa la saba. Basi ninayoyasema hapa ni yale niliyoyaona kwa macho yangu, au niliyoonyeshwa na fundi nikayahakiki kwa mkono wangu.

Gari yenyewe ilikuwa ikilala nje, chini ya mwarobaini ulio mbele ya nyumba, kwani kivuli ni neema katika mji wetu. Kila Alkhamisi jioni kijana mmoja katika wanafunzi wangu, wa miaka 13, alikuwa akiiosha, nami humpa chochote. Asubuhi moja ya Ijumaa, baada ya mvua ya usiku kucha, nalifungua mlango wa kushoto ili nitoe mfuko wa juzuu niliouweka chini, mbele ya kiti cha abiria. Mfuko ulikuwa umeroa chapachapa. Juzuu 18, zilizonunuliwa kwa fedha za wazazi, zimevimba na kurasa zimegandana. Nikabonyeza zulia kwa kiganja, maji yakatoka baina ya vidole.

Hapo sikufikiri. Vioo nalikuwa nimevipandisha mwenyewe, milango ilikuwa imefungwa, na mtu wa mwisho kuikaribia gari ile na ndoo ya maji alikuwa ni yule kijana. Alipokuja chuoni Jumamosi nalimwuliza mbele ya wenziwe. Akasema, "Maalim, mimi ndani napangusa kwa kitambaa tu, sitii maji." Nalimjibu kuwa mwenye kumwaga maji akakiri ana udhuru, lakini mwenye kukana hana. Hakusema neno tena. Alikunja mkeka wake, akachukua juzuu yake, akatoka. Siku ya pili hakuja, wala ya tatu.

Mke wangu aliniambia usiku ule, "Baba watoto, wiki iliyopita mtoto hakuiosha gari, alikuwa na homa, na mimi nilipopanda nalisikia uvundo. Huo umetoka wapi?" Nalimwambia aniache nipumzike. Hata ilipopita wiki moja mvua ikanyesha tena, na kijana hajaigusa gari, nami nikatoka alfajiri na mwamvuli na tochi, nikabonyeza zulia. Maji yale yale, mahali pale pale. Ilinipasa niende kwao asubuhi ile ile, wala sikwenda. Nalijiambia kwamba kwanza nijue maji yanakotoka, ndipo niwe na la kusema. Huo ulikuwa ni udhuru wa mtu anayeona haya.

Nalikwenda kwa mzee mmoja, fundi wa bodi, ambaye sasa hafanyi kazi nyingi kwa ajili ya macho yake. Hakuifungua gari. Aliniuliza kwanza, "Maalim, una hakika ni maji ya mvua?" Swali hilo sikuwa nimelifikiria. Akanieleza kwamba mahali pale, penye miguu ya abiria wa mbele, hutokea maji ya namna tatu. Ya kwanza ni ya kiyoyozi, kwani kiyoyozi kifanyapo kazi hutoa jasho, na jasho hilo huteremka kwa kijibomba hadi chini ya gari. Kijibomba kikiziba, jasho humwagika ndani, na mwenye gari hulowa hata siku ya jua kali. Ya pili ni maji ya rejeta, maana gari zitokazo nchi za baridi zina kipasha joto nyuma ya dashibodi, na mipira yake ikipasuka huvuja ndani. Maji hayo, ikiwa yametiwa ile dawa yake, yana rangi, yana harufu tamutamu, na ukiyasugua vidoleni yanateleza. Ya tatu ndiyo ya mvua. Kiyoyozi changu kilikwisha kufa zamani, na maji niliyoyakamua hayakuwa na rangi wala utelezi. Basi yakabaki ya mvua.

Kisha akaniambia jambo ambalo laiti ningalilijua wiki mbili kabla. Alisema kwamba mahali unapoyaona maji ni mwisho wa safari yake, nawe unalotafuta ni mwanzo. Maji hushika njia ya bati, yakafuata waya, yakapita chini ya zulia, na yakatuama penye bonde, hata kama tundu liko mbali. Mimi naliona maji na nikaona ndoo, nikaviunganisha.

Tulifungua boneti. Chini ya kioo cha mbele, pale waipa zinapoota, pana kifuniko kirefu cha plastiki nyeusi, na chini yake pana mfereji wa bati unaopokea maji yote yanayoteremka kiooni. Mfereji huo una matundu kila upande ya kutolea maji nyuma ya mabawa ya magurudumu ya mbele. Na katika mfereji huo huo, upande wa abiria, pana mdomo wa kuvutia hewa safi iendayo kwenye feni. Mdomo huo umeinuliwa kidogo ili maji yasiufikie. Fundi alipokiondoa kifuniko naliona majani ya mwarobaini yaliyooza, meusi kama udongo wa bustani, yamejaa upande wa kushoto na kuliziba tundu lote. Kila mvua ikinyesha, mfereji ulikuwa ukijaa kama karai, maji yakapanda, yakaingia mdomoni mwa feni, yakashukia miguuni. Mti wangu mwenyewe, na kivuli changu mwenyewe. Tulizoa majani kwa mkono, tukasukuma tundu kwa kipande cha mpira laini, si kwa chuma, tukamimina maji, nayo yakatoka chini ya bawa kwa kishindo.

Siku hiyo baada ya alasiri nalikwenda kwa kina yule kijana. Mama yake alinikaribisha kwa heshima, akanitolea kiti, na heshima yake ilinichoma zaidi kuliko lau angalinifokea. Nalimwita mtoto, nikamwambia, "Mwanangu, ulisema kweli, na mimi nalikusema uongo mbele za watu. Nitayarudia mbele ya watu wale wale." Aliinama. Kisha akauliza, "Maalim, yalikuwa yakipita wapi?" Nikamweleza, naye akasikiliza kwa makini kuliko anavyosikiliza sarufi. Jumamosi nalitimiza ahadi, darasa zima likiwa limenyamaza, na naliona ugumu ambao sikuutazamia.

Ningependa kusema kwamba khabari ikaishia hapo. Mvua iliyofuata, miguuni mbele palikuwa pakavu, lakini nyuma, upande ule ule wa kushoto, palikuwa na unyevu. Kijana alikuwa ameosha gari jana yake. Nakiri mbele yenu kwamba dhana ile ile ilinijia mara moja, na nikatazama ndoo. Safari hii nalimwita yeye.

Fundi alikuwa ametufundisha namna ya kupima. Mmoja huingia ndani na tochi, milango na vioo vimefungwa, na mwingine husimama nje na mpira wa maji. Maji yafunguliwe kidogo, yateremke kama mvua. Yasifunguliwe kwa nguvu, kwani maji ya nguvu hupenya hata pasipovuja. Na muhimu, uanze chini ya gari upande juu polepole, kila mahali dakika tano, kwani ukianza juu ya paa maji yatashuka kila mahali nawe hutajua ni wapi yalipopenyea. Kijana aliingia ndani, tukainua pembe ya zulia, akanyunyiza poda ya watoto juu ya bati kavu ili njia ya maji ionekane. Mimi nikashika mpira. Chini ya mlango, hapakuwa na kitu. Mpira wa mlango ulikuwa mzima, nasi twalikwisha kuupima kwa kufungia kipande cha karatasi mlangoni na kukivuta. Kila mahali kilikaza. Nilipofika kwenye kioo cha mlango wa nyuma, hazikupita dakika mbili akagonga kioo: "Maalim, yanakuja! Yametoka nyuma ya ubao wa mlango!"

Hapo nalijifunza kwamba mlango wa gari haukuundwa uzuie maji yote. Mvua ipigapo kioo, nyingine hupita kwenye ule mpira wa nje chini ya kioo, ikaingia tumboni mwa mlango, na hutoka kwa matundu yaliyo chini kabisa. Baina ya tumbo hilo na ubao wa ndani tunaoegemea mkono hutandikwa nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi isiyokauka, ili maji yasivuke kuja ndani. Miezi miwili kabla, nalipeleka mlango ule kutengenezwa kioo. Aliyeutengeneza aliichana nailoni, akaiacha ikining'inia, akafunga ubao juu yake.

Kuirekebisha ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Tulifungua ubao taratibu, vishikizo vya plastiki visivunjike, tukasafisha gundi ya zamani, tukakata nailoni nene kwa kipimo cha ile iliyochanika, tukaibandika kwa utepe mweusi wa gundi ya mpira. Ncha yake ya chini tuliichomeka ndani ya tumbo la mlango ili maji yarudi humo. Fundi alinikataza silikoni ile yenye harufu ya siki, kwani huliletea bati kutu. Matundu ya chini ya mlango tuliyazibua kwa kijiti.

Lakini kazi kubwa ni kukausha, na wengi huiruka. Chini ya zulia mna sifongo nene, nayo hushika maji wiki nyingi huku juu pakionekana pakavu. Hapo ndipo penye uvundo, na kutu, na waya zinazooza viungo vyake. Ilitupasa kutoa viti vya mbele. Chini yake mlikuwa na waya zenye vichwa vya rangi ya manjano, za ile mifuko ya hewa ya ajali, na fundi hakukubali ziguswe mpaka betri ifunguliwe na muda upite. Kwenye sifongo tulikamua ndoo moja na nusu. Tukaianika siku nne. Naliulizwa na jirani kama gari ile inafaa kuingia na nguo za sala. Maji ya mvua ni tahara, nikamwambia, lakini uvundo ule hata mimi sikuupenda msikitini.

Juzuu 11 zilikauka na zinasomeka. Saba hazikufaa tena, nazo nalizifukia mahali pasipokanyagwa, na mpya nalizinunua kwa fedha zangu. Kijana anaosha gari kama zamani, na kila anapomaliza hufungua boneti, akapitisha vidole pembeni mwa mfereji, ingawa sikumwagiza. Gari sasa hulala upande wa pili wa nyumba, juani, na mke wangu kila siku hulalamika kwamba kiti chamuunguza.