Namba ya motere ya baba

Baba alituachia Jeep Willys MB, ya wakati wa vita kuu ya pili ya dunia. Tulipokimbia vita tuliiacha kwa fundi. Niliporudi, akanionyesha motere: « Hii ndiyo yenu. » Nikafuta mafuta machafu upande wa kuume wa bloki, mbele. Namba ilianza na GPW, alama ya Jeep zilizotengenezwa na Ford. Yetu inaanza na MB, na baba aliiandika katika daftari. Katika motere hizi supapu zinakaa ndani ya bloki yenyewe. Bloki ikienda, vikalio alivyovisaga baba vinaenda nayo. Nikafungua daftari. Fundi akanyamaza, akatoa bloki yetu nyuma ya nyumba. Ndugu wakimbizi, andikeni namba zenu.