Saburi ya Mpiga Picha

Lugha ya Kiswahili hukipa kitenzi kimoja kazi tatu zisizofanana. Mwindaji hupiga risasi, msanii hupiga picha, na mwenye kuomba hupiga magoti. Kazi ya kwanza huondoa uhai; ya pili huhifadhi sura ya uhai; ya tatu humshukuru Mwenye kuutoa. Yamkini mtu atadhani kuwa kukutana kwa maneno haya ni bahati tu. Walakini historia ya upigaji picha za wanyama wa porini yaonyesha kuwa wako watu waliotoka katika kazi ya kwanza wakaingia katika ya pili, na wako wengine ambao, walipokuwa katika ya pili, walijikuta wakiikaribia ya tatu bila ya kukusudia.

George Shiras wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1859, alikuwa mwindaji tangu ujana wake. Katika maziwa ya Michigan ilikuwako desturi ya kuwinda kulungu usiku kwa mtumbwi wenye moto mbele. Mnyama alipigwa na butaa kwa mwanga, macho yake yakang'aa gizani, na risasi ikaelekezwa penye macho yale. Shiras aliuacha mtumbwi na moto mahali pake, akaondoa bunduki, akaweka kamera. Badala ya mlio wa kifo ulitoka mmweko wa unga uwakao kwa ghafla, na kulungu akakimbia na maisha yake. Mnamo Julai 1906 jarida la National Geographic lilichapisha picha zake 74, na watu waliolala salama majumbani mwao wakaona namna viumbe wengine wanavyokesha.

Katika miaka hiyo hiyo Mjerumani Carl Georg Schillings alifanya kazi ya namna hiyo katika Afrika ya Mashariki. Kitabu chake cha mwaka 1905 kilikuwa na picha za wanyama zilizopigwa usiku, na jina lake lilitaja mmweko na bunduki pamoja, kwa kuwa mwenyewe alivichukua vyote viwili. Jambo hili si la kustaajabisha, maana moyo wa mtu haugeuki kwa siku moja. Huko Uingereza ndugu wawili, Richard na Cherry Kearton, wazaliwa wa Yorkshire, walipiga picha ya kiota chenye mayai mwaka 1892. Baadaye wakatengeneza ng'ombe wa ngozi aliye mtupu ndani, ili mtu aingie tumboni mwake pamoja na kamera na kuwakaribia ndege bila ya kuwatisha. Hapo kiburi cha mwanadamu kilipata somo. Yeye ajiitaye bwana wa viumbe vyote alikubali kusimama ndani ya ng'ombe wa bandia, akabana pumzi, ili ndege mdogo asimtambue.

Picha yenyewe ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kamera ya leo yaweza kumnasa swala arukaye kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kazi iliyo kubwa ni kungoja. Simba hulala au kujinyoosha hata saa 20 katika siku moja. Chui aweza kukaa juu ya mgunga mchana kutwa bila ya kushuka. Mwanga ulio mzuri, ule wa asubuhi na mapema na ule wa jua kuchwa, hauna subira na mtu. Hapana fedha ya kumwamsha simba, wala cheo cha kumteremsha chui, wala amri ya kulizuia jua lisipande. Waziri na mchuuzi wakikaa katika gari moja kando ya majabali ya Serengeti, hungoja mngojo mmoja. Ni mahali pachache duniani ambapo mwenye uwezo na asiye na uwezo husawazishwa hivyo. Pengine pa namna hiyo ni msikitini, kanisani na kaburini.

Kungoja huku kuna daraja zake. Saa ya kwanza ni saa ya tamaa. Mtu amekuja na picha yake kichwani. Ameipanga tangu nyumbani, simba awe upande huu na jua upande ule. Kila kitu kisichokuwa katika picha hiyo ni kizuizi machoni pake. Saa ya pili ni saa ya manung'uniko. Jua limepanda, inzi wamekuja, mgongo unauma, na moyo umeanza hesabu ya gharama: mafuta ya gari, kiingilio cha hifadhi, siku za likizo zilizobaki. Nafsi hulalama kama mtu aliyedhulumiwa haki yake. Wengi huondoka katika saa hii, nao huondoka wakisema kuwa pori lilikuwa tupu.

Saa ya tatu huwafikia wachache. Madai yamechoka kwa kutojibiwa, pumzi imeteremka, na pori lililoitwa tupu laanza kujaa. Mnana anasuka kiota chake, unyasi kwa unyasi, juu ya tawi lililoinamia maji. Mdudu mweusi anasukuma kinyumenyume tonge la samadi lililo kubwa kuliko mwili wake. Upepo unageuka, na pundamilia mmoja anainua kichwa kabla ya wenziwe. Mambo haya yote yalikuwapo tangu alfajiri; kilichokosekana kilikuwa ni jicho la kuyaona. Mtu ambaye saa mbili zilizopita aliitaka picha moja, sasa anatazama mambo kumi ambayo hakuyaomba, na hata simba asipoamka hana la kulaumu.

Hali hii ndiyo utulivu, nao una udugu na ibada. Mtu anayesali kwa haraka na mtu anayengoja kwa hasira wana ugonjwa mmoja: miili yao iko hapo, mioyo yao haiko. Dawa yao ni moja pia, nayo ni kukubali kuwa jambo linalongojewa haliko mikononi mwao. Wahenga walisema kuwa simba mwenda pole ndiye mla nyama, nao walimchagua mwalimu wa saburi katika pori lile lile ambalo mpiga picha huenda kusoma. Lakini saburi ya simba ni ya njaa, na mwisho wake ni nyama. Saburi ya mtu yaweza kwenda mbele zaidi. Yaweza kufika mahali ambapo picha ikija, yaja kama zawadi, si kama mshahara. Na isipokuja, mngojaji hurudi nyumbani bila ya kinyongo. Mwenye kujua kupokea hivi amekwisha kuelewa sehemu kubwa ya maana ya imani, ingawa hajafungua kinywa kusema neno la dini.

Wako watakaosema kuwa imani ya namna hii ni rahisi, kwa kuwa huzaliwa penye uzuri. Neno lao lingekuwa kweli kama pori lingekuwa bustani. Kati ya mwezi wa Januari na Machi nyumbu huzaa kwa maelfu katika nyanda za nyasi fupi za Ndutu na kusini ya Serengeti. Ndama husimama dakika chache tu baada ya kuanguka chini, akayumba, akakaza miguu, akamfuata mama yake. Aliye na kamera huona muujiza huu, na yamkini kabla hajashusha mkono huona fisi wakija. Lenzi ndefu haimfichi kitu. Humletea damu karibu kama ilivyomleta uzazi karibu. Hawezi kuuzuia msiba ule, wala hana haki ya kuuzuia, maana fisi naye ana watoto shimoni. Moyo utafutao Mungu wa mambo mazuri peke yake huvunjika hapo. Moyo unaovumilia hutazama yote mawili, ukakiri kuwa mizani ya uhai haikuwekwa mikononi mwake, ukabaki na huzuni yake bila ya kukana shukrani yake.

Kuna kaburi moja ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro linaloeleza jambo hili kuliko maneno. Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael, walikuja Serengeti na ndege ndogo iliyopakwa mistari kama pundamilia, ili kuwahesabu wanyama, kuzifuata njia zao na kuwapiga picha za sinema. Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa peke yake angani. Ndege yake iligongana na tumbusi, ikaanguka, naye akafa akiwa na umri wa miaka 24. Jiwe la kaburi lasema kwamba alitoa vyote alivyokuwa navyo, hata maisha yake, kwa ajili ya wanyama wa Afrika. Siri ya moyo wa baba yule ni yake mwenyewe. Matendo yake ndiyo yaliyo wazi. Kiumbe wa nchi aliyokuja kuitetea ndiye aliyekuwa sababu ya kifo cha mwanawe, naye hakuichukia nchi ile. Aliimaliza sinema waliyoianza pamoja, nayo ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Aliendelea kuwatetea wanyama wa Serengeti kwa miaka mingi, na alipofariki mwaka 1987 majivu yake yaliletwa yakazikwa kando ya mwanawe.

Katika Kiswahili neno imani lina maana mbili. Ni kusadiki, na tena ni huruma. Mtu asiyemhurumia mwenziwe huambiwa kuwa hana imani. Lugha imezifunga maana hizi pamoja, na haifai kuzifungua. Kwa hiyo mpiga picha anayesema kuwa ameipata imani porini hana budi kupimwa kwa maana zote mbili, kwa kuwa kamera nayo ina pupa yake.

Duma ni shahidi wa neno hili. Yeye huwinda zaidi mchana, na kwa sababu hiyo macho ya wageni humwona kwa urahisi. Mbio zake ni kali kuliko za mnyama yeyote wa nchi kavu, lakini hazidumu hata dakika moja, na akishakimbia hana budi kupumzika. Magari yakimzunguka, swala hushtuka, mbio hupotea bure, na watoto hulala na njaa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 juu ya duma wa Maasai Mara, Kenya, ulionyesha kuwa majike waliokaa mahali penye watalii wengi walikuza kwa wastani chini ya mtoto mmoja katika kila uzao. Waliokaa mahali penye watalii wachache walikuza zaidi ya wawili. Hapana risasi iliyopigwa hapo. Zilipigwa picha tu, na kila mwenye picha alirudi nyumbani akisifu uzuri wa duma. Hivyo basi, aliyeacha bunduki hajaacha kuua mpaka awe ameacha na pupa.

Imani hiyo haiishii kwa mnyama. Picha nyingi za Serengeti huonyesha nchi isiyo na mtu, kana kwamba haikupata kukaliwa. Lakini Wamaasai walichunga ng'ombe wao katika nyanda hizo, na mwaka 1959 walihamishwa kutoka hifadhi ya Serengeti. Jicho linalomlilia ndama wa nyumbu na kumsahau mchungaji aliyeondolewa penye malisho yake ni jicho lililofumbuliwa upande mmoja. Mwenye kujifunza kutazama hana ruhusa ya kuchagua atakachokiona.

Wala chuo hiki si cha wenye safari ndefu na kamera za thamani peke yao. Chozi huja kunyonya maua ya uani asubuhi, na mdiria husimama juu ya mti wa mikoko akingoja samaki, akimfundisha saburi kila avukaye kwa dau. Simu ya mkononi yatosha kuwapiga picha, na jicho latosha zaidi. Mtu akiweza kukaa nusu saa mbele ya chozi bila ya kutaka kitu kingine, amefika mahali ambapo wengine walipatafuta Serengeti bila ya kupaona.

Mwindaji hutundika ukutani kichwa cha mnyama, na msanii hutundika ukutani picha ya mnyama. Mgeni akitazama ukuta tu, huenda asione tofauti kubwa. Tofauti iko porini, ambako mmoja ameacha mzoga na mwingine ameacha mnyama anayekwenda zake. Na iko tofauti nyingine isiyotundikwa popote. Duma amejilaza mbele ya swala, mwanga umekuwa wa dhahabu, na gari likisogea hatua chache tu picha itakuwa kamili. Mpiga picha anamwambia dereva azime mashine, au ageuze gari waondoke. Picha hiyo haipo, wala hapana atakayeisifu. Lakini duma atakula, watoto wake watakula, na aliyeikosa kwa hiari yake atalala usiku ule akiwa ameijua imani kwa maana zake zote mbili.