Nakivale: Chombo Kiliacho Bila Kusema

Mtu atokaye Mbarara kwenda Nakivale huziacha kelele za mjini polepole. Mbarara, iliyopewa hadhi ya jiji mwaka 2020, ina maduka yashindanayo kwa mshindo: kila penye redio za kuuzwa pana sabufa mlangoni, nayo yatetemesha vioo. Barabara ya lami hupita Kaberebere, katikati ya migomba ya Isingiro, wilaya iliyotengwa na Mbarara mwaka 2005. Kisha huanza vumbi, vilima vya malisho, na mwishowe ziwa lenyewe.

Makazi haya ya wakimbizi ni ya tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, walipopokewa Wanyarwanda. Leo wamo pia Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo, na wengi wao hukutana sokoni kwa Kiswahili.

Safari yangu haikuwa ya kiserikali. Mwenyeji wangu, fundi cherehani mzaliwa wa Kivu, alinifuata Mbarara na akiba ya miezi minane mfukoni, akitaka nimchagulie sabufa kubwa. Sinema nyumbani kwake, alisema, zina mshindo lakini maneno hayasikiki. Tuliingia maduka matatu. Katika la tatu nilimwomba asinunue kitu mpaka nimeona alicho nacho. Hakupendezwa, na njia nzima alinyamaza.

Nyumbani mwake nilikuta risiva ya mtumba yenye nafasi za spika tano. Spika mbili za mbao zilizotoka katika redio ya zamani. Na spika mbili za gari ndani ya sanduku alilolipigilia misumari mwenyewe. Umeme ni wa jua, kwa betri moja. Mama yake mzazi, ambaye macho yake yamefifia, alikaa kigodani karibu agusane na televisheni, sikio kalitega. Yeye sinema huisikiliza tu.

"Mwalimu," akaniambia, "kile chombo kinalia, lakini hakisemi."

Sikupata kusikia ugonjwa wa redio ukielezwa vizuri zaidi. Katika sinema nyingi maneno ya waigizaji hupelekwa karibu yote kwenye spika ya katikati, na mshindo hugawiwa nyingine. Risiva ile ilikuwa imepangwa kana kwamba spika ya katikati ipo. Haikuwapo. Maneno yalikuwa yakipelekwa mahali pasipo na kitu! Nilifungua orodha ya mipangilio, nikaiambia kwamba katikati hakuna spika, nayo ikayagawa maneno kulia na kushoto. Kazi ya dakika mbili.

Lakini sauti bado ilikuwa nyembamba, haina kifua. Nikachukua betri ndogo ya voti 1.5 na kuugusisha kwa nukta moja upande wake wa chanya kwenye alama nyekundu ya kila spika ya mbao, na hasi kwenye nyeusi. Koni za zote mbili zikasukumwa nje, kama ipasavyo. Basi kosa lilikuwa katika waya: nyuma ya spika moja nyekundu na nyeusi zilikuwa zimebadilishana. Ndugu zangu wa gwaride watanielewa upesi: askari mmoja akitangulia mbele na mwenziwe akirudi nyuma kwa amri ile ile, hakuna kikosi. Ndivyo mdundo ulivyokuwa ukifutana hewani. Waya ziliporudishwa mahali pake, mdundo aliokuwa akiusafiria Mbarara ukatokea papo hapo katika mbao kuukuu.

Lilibaki lile sanduku. Kila spika ya gari ni ya omu 4, naye alikuwa ameziunga sambamba kwenye nafasi moja ya nyuma, hivyo risiva ikaona omu 2 tu, ilhali mgongoni mwake imeandikwa 6 hadi 16. Ndiyo sababu ilikuwa ikijizima kila sauti ilipopandishwa, naye akidhani ni betri. Zikiungwa mfululizo hupatikana omu 8, na hakuna hatari. Lakini koni ya moja ilikuwa imechanika ukingoni, hivyo niliona heri tuliondoe sanduku zima, na risiva iarifiwe. Fundi wa Mbarara aweza kuitengeneza hiyo koni, akitaka.

Spika za mbao tuliziweka pande mbili za televisheni, kimo cha sikio la mtu aliyeketi. Moja ilisikika zaidi kwa kuwa ilikuwa kwenye pembe ya ukuta, tukaisogeza. Niliketi kwenye kigoda cha bibi nikasikiliza mwenyewe, kwani yeye ndiye mwenye haja kuliko sote.

Usiku ule walitazama sinema waliyokwisha kuitazama mara nyingi. Bibi alisogeza kigoda chake nyuma hadi ukutani. Alicheka mahali ambapo wajukuu hawakucheka. Wakamwuliza kulikoni, akawarudilia maneno ya mwigizaji, nao wakashangaa kwamba maneno hayo yamo. Kisha akaomba sauti ipunguzwe.

Asubuhi mwenyeji wangu alihesabu tena akiba yake. Yeye bado aitaka sabufa. Mkewe ataka betri ya pili, ili sinema isikatike kabla ya mwisho. Nilipoondoka walikuwa hawajaafikiana, na watoto wawili walikuwa wamelikalia lile sanduku uani, wakinywa uji.