Je, Nami Niende Kuzika?



Safari hii nataka tuzungumze jambo ambalo wengi wetu huliamua kimyakimya, simu ikiwa mkononi. Tangazo la msiba limeingia kwenye kundi la WhatsApp. Marehemu si ndugu yako, wala si rafiki yako. Ni mtu wa salamu tu: mnaonana siku ya Idi, mnakutana kwenye duka la muhogo na ndizi, mnakaa meza moja kwenye harusi za watu. Unaijua kofia yake, lakini jina la baba yake hulijui. Umeshaandika "Mungu amrehemu" kama walivyoandika wenzako arobaini. Sasa, uende kuzika au usiende?

Nilikokulia, Tanga, sikumbuki kumsikia mtu mzima akijiuliza swali hili. Mtu akifariki alfajiri, mara nyingi alasiri keshazikwa. Kipaza sauti cha msikiti kinatangaza, unatafuta kanzu, unafuata watu. Jeneza likipita njiani, mwanamume aliyekaa barazani husimama, akatia bega hatua chache, kisha akampisha mwingine. Hakuna anayekuuliza unamjua marehemu au humjui. Mimi mwenyewe nilikuwa na umri wa miaka 15, nimetumwa mafuta ya taa, nikakutana na jeneza. Nikaliacha dumu kwenye baraza ya watu, nikatia bega. Jina la yule mtu nililisikia makaburini.

Hapa Uingereza mambo huchukua siku. Watoto huwa mnauliza kwa nini, basi sikilizeni. Katika England na Wales, tangu tarehe 9 Septemba 2024, kila kifo ambacho hakichunguzwi na korona lazima kwanza kipitiwe na daktari mkaguzi. Hapo ndipo familia huenda kwa msajili kukiandikisha, ikapewa ruhusa ya kuzika, ile ambayo watu wengi wanaiita karatasi ya kijani. Zipo ofisi zinazofungua hata mwisho wa wiki kwa ajili ya wanaotaka kuzika haraka, lakini si zote. Kisha kuna kutafuta nafasi ya kaburi, na kulilipia. Mtu akifariki Jumamosi, huenda akazikwa Jumanne.

Siku tatu hizo ni ndefu mno kwa mfiwa. Kwetu sisi watu wa salamu ni nafasi ya kutafuta udhuru. Kule nyumbani hatukuwa wema kuliko tulivyo hapa. Hatukuwa na muda wa kufikiri tu.

Mwezi wa Januari alifariki mzee mmoja ambaye baadhi yenu mlikuwa mkimwona akipita mbele ya shule yetu na mkoba wake wa nguo. Mkewe alitangulia zamani, na mwanawe mmoja anaishi Muscat. Tangazo lilisema maziko ni Jumanne baada ya adhuhuri. Jumanne mimi niko ghalani tangu asubuhi.

Nikaenda kwa msimamizi wangu. Swali lake la kwanza: ni nani wako? Siyo kwa ubaya. Fomu inataka hivyo. Sheria ya hapa, kwa mfano, tangu Aprili 2020 inampa mfanyakazi aliyefiwa na mtoto wa chini ya miaka 18 likizo ya wiki mbili. Kwa jirani, rafiki au mtu wa salamu, ni hiari ya mwajiri. Kiswahili kingenisaidia sana pale. Ningesema "ni jamaa" na ingetosha, maana jamaa ni ndugu, jamaa ni rafiki, na jamaa ni hata yule kijana aliyesimama kituo cha basi. Lakini msimamizi haongei Kiswahili, na kusema ni mjomba wangu ungekuwa uongo. Nikamwambia ni mzee wa jamii yetu na wa kumzika ni wachache. Akanipa siku moja, akaikata kwenye likizo yangu ya mwaka.

Kazi ilikuwa udhuru mwepesi. Uliokuwa mzito ni ile sauti ya ndani: utakwenda kufanya nini? Wafiwa hawakujui. Hukuwahi kuingia nyumbani kwa mzee, leo ndiyo unajitokeza? Najua wapo kati yenu wanaoisikia sauti hiyo, kwa sababu wameniambia. Wanaona haya, wanaogopa kuonekana wanafiki, basi wanabaki nyumbani. Harusi ina kadi, msiba hauna. Mtu hawezi kwenda msibani bila kualikwa, kwa sababu hakuna aliyealikwa.

Jumapili ile usiku mwanangu wa miaka 11 aliliona tangazo kwenye simu yangu. Mwandishi wake alikuwa amemalizia kwa kutukumbusha kwamba sisi ni watu wa kuzikana. Sasa huyu mtoto, darasani kwenu, ndiyo kwanza anajifunza vitenzi vyenye -ana. Akaniambia: "Baba, pendana ni wewe unanipenda, mimi nakupenda. Saidiana, hivyo hivyo. Sasa zikana itakuwaje? Ukinizika wewe, mimi nitakuzikaje?"

Mwalimu wake ajue kwamba kazi yake inaonekana.

Nilimwambia habari za chama cha kufa na kuzikana. Mtaani kwetu kilikuwepo, na mpaka leo vipo vingi Tanzania na Kenya. Kila nyumba inatoa mchango, chama kina masufuria yake, mabusati yake, turubai lake. Mtu akifiwa, vitu vinakuja, na watu wanakuja navyo. Babu yangu alizikwa na watu ambao wengi wao nao wameshazikwa, na si yeye aliyewazika. Waliwazika vijana ambao babu hakuwajua. Mtoto akafikiri, akasema, "Kwa hiyo humrudishii yeye, unampa mwingine." Ndiyo maana yenyewe, na sijui kama mimi ningeisema vizuri hivyo.

Hapo nikaanza kuhesabu. Mimi hapa sina kaka, sina shemeji, sina mtoto wa ami. Nikijaribu kuyataja mabega nitakayoyahitaji siku yangu ikifika, baada ya mwanangu na marafiki watatu ninaishia kwa watu wa salamu. Na wewe unayesoma, jaribu kuhesabu yako.

Basi nilikwenda. Mtoto sikumchukua. Alikuwa na shule, na sikuona sababu ya kumwombea ruhusa. Mzazi mwingine angeamua vingine, sina ugomvi naye.

Msikitini watu walijaa, kwa kuwa swala ya jeneza ilifuata mara tu baada ya adhuhuri. Lakini waliosali wengi walirudi kazini. Makaburini tulifika 14. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na udongo ulikuwa mzito, unanata kwenye beleshi mpaka uupigepige chini ndipo uachie. Mashine ya halmashauri ilisimama pembeni ikisubiri, lakini sisi, kama mnavyojua, tunapenda kufukia kwa mikono yetu. Mabeleshi manne, watu 14, na kati yao wazee watano ambao hukutaka kuwaona wakiinama. Nilishika zamu tatu. Mgongo uliuma siku mbili. Wakati wote ule hakuna aliyeniuliza namjua marehemu kiasi gani. Walichouliza ni kama nimechoka nipokewe.

Kuna mmoja alikuwa ameinua simu anapiga picha za kaburi. Hilo silipendi, na nitalisema hapa kwa kuwa sikulisema pale. Ukija kuzika, njoo na mikono miwili.

Baada ya dua, mpwa wa marehemu, aliyeendesha gari kutoka London usiku, alipita kutushukuru mmoja mmoja. Aliponifikia akauliza, "Wewe ulimjuaje mjomba?" Nilikuwa na jambo moja tu la kumpa. Siku moja, mwaka juzi, tulikuwa kituo cha basi, mzee akafika, nikamwambia mwanangu amsalimie. Mtoto akajikaza, akanyoosha mkono, akasema kwa sauti, "Marahaba, babu!" Nilitaka ardhi inimeze. Mzee akavua kofia, akainama kidogo, akamjibu, "Shikamoo, bwana mkubwa." Wakacheka wote wawili mpaka basi likaja.

Yule mpwa alicheka, akafuta uso kwa kiganja, akanitaka nisubiri. Akapiga simu Muscat. Mtoto wa marehemu alikosa ndege ya kumfikisha kwa wakati, akawa ameyafuata maziko ya baba yake kwa simu. Nikakisimulia kisa tena, nimesimama kwenye matope, kwa mtu nisiyemjua. Akaniuliza baba yake alikuwa amevaa kofia gani. Nikamwambia, ile nyeupe iliyofifia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema ile aliishona mama.

Sisemi uende kila msiba. Makundi ya WhatsApp yanatuletea vifo vya Dar es Salaam, Mombasa na Toronto ndani ya wiki moja, na mwenye watoto na kazi ya zamu hawezi kuvifuata vyote. Mimi naangalia hasa jambo moja: je, huyu ana watu? Marehemu mwenye wana sita na msafara wa magari hatakosa bega langu. Huyo nitakwenda kuwahani wanawe baadaye, watu wakishapungua, na pengine siku hiyo ndiyo wanayohitaji mtu. Asiye na watu ninamwendea, hata kama tulisalimiana mara mbili tu. Kama umbali umenishinda, natuma ubani na ninapiga simu. Napiga kweli, situmi ile alama ya mikono iliyokutanishwa.

Wenzetu Wakristo, hasa wa kutoka Moshi, Bukoba au Nairobi, mara nyingi humsafirisha marehemu akazikwe kwao. Kutoa mwili England au Wales lazima koroner aarifiwe kwanza, nauli na gharama nyingine ni nyingi, na michango hupitishwa kila jioni mpaka siku ya kuondoka. Huko hakuna udongo wa kufukia, lakini kuna ibada ya kumuaga, na viti vitupu vya ukumbini vinaonekana vizuri sana na aliyekaa mbele. Kina mama nao wana lao. Mke wangu hakuja makaburini. Alikuwa kwenye nyumba ya jirani wa marehemu tangu saa nne asubuhi, anamenya vitunguu na wanawake ambao nusu yao alikuwa hawajui, na jioni alirudi amechoka kuliko mimi.

Arobaini ya mzee inaangukia wikiendi ijayo. Hitima itasomwa Jumapili baada ya alasiri, na mpwa wake ameomba watoto wa shule waje, kwa kuwa amekisimulia kile kisa kwa kila mtu. Anayeweza kuleta sahani ya maandazi au chupa ya chai amwambie mke wangu mapema. Watoto, mkimfikia mfiwa, mpeni mkono, mseme "pole kwa msiba." Atajibu "nimeshapoa," hata kama bado. Hapo hamhitaji kuongeza neno, kaeni tu.

Wangu nitakuja naye. Ameahidi kwamba mara hii ataanza na shikamoo.