Sanduku la Bati la Nsambya

Muuguzi aliyenichanja homa ya manjano kule Mombasa aliniandikia kadi, kisha akaniwekea kidole kwenye tarehe. "Hii haijaanza kazi," akasema. "Hesabu siku 10 kwanza." Nami nilikuwa nimeshakata tiketi ya basi la Kampala. Nikarudi ofisi ya basi, nikasogeza safari. Shangazi alikuwa amenisubiri miaka mingi; nikamwomba anivumilie siku hizo nazo.

Shangazi ni dada mkubwa wa marehemu baba yangu. Mwaka 1968 aliolewa na fundi wa injini za reli, akapanda naye garimoshi hadi Kampala, enzi ambazo reli ya Kenya, Uganda na Tanzania ilikuwa chini ya shirika moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, reli nayo ikagawanywa, kila nchi ikashika chake. Mumewe alikuwa ameshapata kiwanja Nsambya, kulekule Kampala, na watoto wako shuleni, basi wakabaki. Sasa mume ametangulia mbele ya haki, watoto wamo Sharjah na Uingereza, na shangazi magoti hayamruhusu tena kukaa kwenye basi usiku na mchana. Mara ya mwisho kukanyaga Mombasa ilikuwa mwaka 1998, alipokuja kumzika baba.

Wanawe walichanga wakamnunulia televisheni janja ya inchi 43, wakamlipia na intaneti ya faiba, apate kuiona Mombasa akiwa kitini pake. Mafundi wa dukani waliitundika ukutani mwezi wa Juni, wakaenda zao. Hadi Desemba ilikuwa haijaonyesha kitu ila stesheni za antena. Mwanawe wa Sharjah kila wiki humpigia simu: mama, bonyeza pale, sasa shuka chini, sasa andika. Shangazi huitikia "ndiyo baba, ndiyo baba", simu ikikatika huirudisha rimoti kwenye mfuko wake wa nailoni. Mwisho wanawe wakaniambia mimi: nenda wewe. Nina miaka 41, na Uganda nilikuwa sijawahi kuiona.

Tukatoka Mombasa jioni. Kutoka hapo hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 1,100, na nusu ya kwanza niliilala. Asubuhi, baada ya Nairobi, ndipo nilipoanza kuangalia nje, nikaona jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Kandokando ya barabara, kwenye majani, kuna vigingi vifupi vya zege, na kwingine nguzo zinazobeba waya mweusi: alama za faiba. Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zilipanda kutoka baharini kwenye pwani yetu ya Mombasa, na Afrika Mashariki ikaanza kuacha intaneti ya satelaiti iliyokuwa ghali na ya kuchechemea. Uganda haina bahari. Sehemu kubwa ya mawasiliano yake na ulimwengu hupita Kenya, nchi kavu, mpaka ivuke mpakani. Kwa hiyo picha ambayo shangazi angeitazama Nsambya huenda ingepita njia hii hii niliyopita mimi, tena kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho, na nyumba ambamo nyaya za baharini huingia si ajabu ikawa mtaa wa pili kutoka kwetu. Jambo hilo lilinikaa moyoni hadi Malaba, mpakani.

Malaba tulishuka sote tukapanga foleni. Kwa Mkenya anayekwenda Uganda kitambulisho cha taifa kinatosha tangu mwaka 2014, na siku hizi maafisa wa nchi mbili wamo chini ya paa moja, ukigongwa muhuri hapa unasogea dirisha la pili. Afisa wa afya aliichukua kadi yangu ya manjano. Hakuangalia jina langu. Aliangalia tarehe, akahesabu kwa midomo, akanirudishia. Nilimkumbuka muuguzi wa Mombasa nikamshukuru kimoyomoyo.

Jinja tulivuka Mto Nile juu ya daraja jipya la mwaka 2018, lenye kamba nyeupe zilizotandazwa kama mbavu za samaki. Sikuweza kusema neno. Abiria wa kando yangu, mama wa Kiganda, alinitazama akacheka kwa upole, akanipa karanga. Halafu msitu wa Mabira, halafu Namawojjolo, ambapo vijana huzingira madirisha ya basi na mishikaki ya kuku na ndizi gonja zilizochomwa. Nilinunua gonja. Bado ladha yake ninayo.

Kampala niliingia magharibi imeshakaribia. Mwenye boda niliyemsimamisha alisikia Kiswahili changu, akageuka kunitazama vizuri. "Wewe ni wa Mombasa," akasema, wala hakuuliza. Yeye amezaliwa Nsambya, kwenye kambi ya polisi, baba yake askari, na Kiswahili chake ni kile cha kambi, kifupi na kikavu, kisicho na mbwembwe: "Mimi nafika wewe pale, usiogope." Wengi wa Kampala bado wanakiona Kiswahili ni lugha ya bunduki. Idi Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na watu wakakisikia zaidi kwa askari waliokuwa wakiwagongea mlango usiku. Katiba ilikitaja kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na baraza la mawaziri likapitisha tena mwaka 2022, lakini moyo wa mtu haubadiliki kwa tangazo. Mimi nilifurahi kukisikia kwa kijana aliyelelewa nacho, asiyekiogopa. Tulipita mnara wa saa, tukaupanda mlima, upande wa pili juu ya kilima cha Kibuli msikiti unang'aa, na upande wetu hospitali ya Nsambya, iliyoanzishwa mwaka 1903 na mtawa kutoka Ireland ambaye wenyeji walimwita Mama Kevina. Jina hilo limebaki hata kwenye mtaa anakokaa shangazi.

Jirani ndiye aliyefungua geti. "Kulika ekkubo," akaniambia, salamu ya Waganda kwa mtu aliyetoka safari, kama kusema pole na hongera kwa pamoja. Shangazi alikuwa amekaa sebuleni amejitanda leso. Nikampa mkono nikaubusu. Alinishika uso kwa mikono miwili, akanigeuza kushoto, akanigeuza kulia.

"Wafanana na babako mpaka kero," akasema. "Umeniletea ukwaju?"

Nilikuwa nimemletea ukwaju, na halua, na achari ya embe, na nazi kumi. Televisheni hatukuigusa usiku ule. Ilikuwa ukutani, nyeusi, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

Asubuhi nikakifunua. Nikaingia kwenye mipangilio, nikachagua mtandao usio na waya, yakatokea majina ya waifai ya majirani, sita au saba. La shangazi halikuwemo. Nikaizima, nikaiwasha, halikuwemo. Kijana wa jirani, mwanafunzi wa chuo, akaja na simu yake, akaifanya igawe intaneti, televisheni ikaliona jina la simu papo hapo. Basi televisheni ni nzima. "Ruta iko wapi, shangazi?"

"Nimeiweka salama."

Akanipeleka chumbani kwake. Chini ya kitanda kulikuwa na sanduku la bati la marehemu mumewe, rangi ya kijani imebanduka pembeni, na juu ya kifuniko herufi nyeupe za mkono: E.A.R. & H., Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Waya wa faiba ulikuwa umepita dirishani, ukashuka ukutani, ukaingia sandukuni kwa upenyo. Nikakifungua kifuniko. Ruta ilikuwa mle ndani, taa zake za kijani zinapepesa juu ya sare ya fundi wa reli iliyokunjwa vizuri, kando ya vyeti vyake na kofia.

"Mafundi waliniambia ni kitu cha thamani," akasema shangazi. "Na vitu vya thamani vyote vimo humo."

Sikuona la kumlaumu hata kidogo. Hakuna aliyemweleza kwamba kifaa hiki kazi yake ni kupiga ukelele, na kwamba bati ni ukuta usiosikia. Mawimbi ya waifai hupenya matofali kwa taabu na mbao kwa urahisi, lakini chuma huyarudisha yalikotoka. Yaliyokuwa yakivuja kwenye upenyo yaliitosha simu yake akiwa kitandani, ndiyo maana yeye aliona intaneti ipo. Na hapa niseme linaloniuma. Wanawe wanampenda, na pesa walituma. Waya nao ulivuka bahari, nyika na mpaka bila kuchoka. Kilichokosekana kwa miezi sita ni mtu wa kuinama chini ya kitanda, akauliza, akangoja jibu. Mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa waliokosekana, na si miezi sita tu.

Tukaitoa ruta, waya ukafika hadi juu ya kabati la ukumbini, mahali palipo wazi. Sasa jina likatokea, tena mara mbili: moja likiwa na 5G mwishoni. Kijana akadhani ni ile 5G ya simu. Sivyo, hapo ni gigahezi 5, masafa ya mbio lakini yasiyofika mbali. Ndugu yake wa gigahezi 2.4 huenda polepole zaidi ila huvuka kuta vizuri, na kati ya kabati na sebule zilikuwepo kuta mbili za matofali ya zamani. Tukachagua la 2.4.

Paswadi ilikuwa kwenye karatasi chini ya ruta, herufi ndogo kama chawa. Kuandika kwa rimoti ni kazi ya subira: unasukuma kialama hatua kwa hatua, herufi moja baada ya moja. Mara ya kwanza ikakataa, mara ya pili ikakataa. Shangazi akaomba miwani, akaisogeza karatasi dirishani. "Hii si moja, mwanangu. Hii ni eli." Macho ya mtu aliyesoma risiti za reli za mumewe kwa miaka yaliona nisichokiona mimi. Nikaandika eli ndogo. Ikakubali: imeunganishwa.

Tukafungua YouTube. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikaandika kwamba hakuna intaneti. Lakini simu ya kijana, kwenye waifai hiyo hiyo, ilikuwa inacheza muziki. Tulihangaika kwa saa nzima. Tuliizima ruta, tukaiwasha, tukafuta mtandao tukauingiza upya. Umeme ukakatika, ukarudi. Na uliporudi, televisheni ikaonyesha saa pembeni, nami nikaitazama kwa mara ya kwanza: 1 Januari 2019.

Hapo nikaikumbuka kadi yangu ya manjano. Programu zinapokutana na mtandao huonyeshwa cheti cha utambulisho, na kila cheti kina siku ya kuanza na siku ya kwisha. Televisheni iliyoamini kwamba ni mwaka 2019 ilikuwa ikipokea vyeti vya mwaka 2023, inahesabu kwa midomo kama yule afisa wa Malaba, na kuvikataa vyote: havijaanza kazi. Haikuwa na ubaya wowote, ilikuwa inafuata sheria kwa tarehe iliyokuwa nayo. Nikaingia kwenye saa, nikaweka siku, mwezi na mwaka. Nikabonyeza YouTube. Picha zikamiminika.

Hakuna aliyepiga kelele. Shangazi alikaa, akavuta leso kichwani kama mgeni ameingia.

"Nionyeshe stesheni ya reli," akasema.

Nikaandika Mombasa, tukapata video ya mtu aliyetembea mjini na kamera mkononi, bila kusema neno. Alianzia kwenye sanamu za pembe za ndovu za barabara ya Moi, ambayo shangazi bado anaiita Kilindini. Shangazi akaanza kuongea na yule mtu kana kwamba anamsikia: "Sasa kata kushoto. Si huko. Ah, haya, endelea." Hakufika stesheni. Alishuka hadi kivuko cha Likoni, akaingia ferini na umati, baiskeli, mikokoteni, kuku kwenye matenga. Kamera ikageuka upande wa maji, na kishindo cha injini ya feri kikajaa sebuleni Nsambya. Shangazi akamwita kijana wa jirani akae karibu, akamweleza kwa kile Kiswahili chake cha Mji wa Kale jinsi mumewe alivyomvusha hapo siku ya pili ya harusi, na kijana akimjibu kwa kile cha kambini, na wakaelewana kila neno.

Adhana ya magharibi ikaanza Kibuli. Nikanyoosha mkono kuchukua rimoti, shangazi akawahi. Akaitazama vizuri, akatafuta kitufe nilichomwonyesha mchana, akapunguza sauti mwenyewe, moja, moja, mpaka feri ikawa inakwenda kimyakimya. Picha akaiacha.